Bwana Maji

"Wamekataa," alisema Mukarugwiza kabla hata hajavua kandambili. "Hakuna mwanamke hata mmoja atakuja Jumamosi."

Ilyasi, mumewe, alikuwa ameketi kibarazani na sare yake ya ulinzi, akisubiri chai ambayo alijua haitakuja. Ilikuwa Alhamisi, siku ya tisa tangu mtaa wao wa Nyamirambo ukaukiwe na maji. Jumapili watu wa Kicukiro walikuwa wanakuja kumposa Umutoni, binti yao wa pekee. Watu sitini, bila kuhesabu watoto.

"Sababu ni nini?"

"Sababu iko wewe. Mama Nyiraneza ameniambia mbele ya wenzake: pilau ya watu sitini tuipike na mate? Nenda umwambie Bwana Maji afungue robine, na sisi tutakuja na visu vyetu."

Ilyasi alijikuna kidevu. Katika mtaa ule, chakula cha sherehe hakikupikwa na mwenye sherehe. Wanawake walikuja siku moja kabla, kila mmoja na kisu chake na beseni lake lenye alama ya rangi chini ili lisipotee, wakakaa uani wakimenya vitunguu na kuwasengenya wasiokuwapo. Ukiajiri wapishi wa kulipwa umetangaza kwamba majirani hawakutaki. Tena wakwe nao si wajinga, kitu cha kwanza wanachokiangalia ni wanawake wangapi wamekaa penye mafiga. Bi Nyiraneza ndiye aliyewaita hao wanawake miaka yote, na asipowaita yeye, hawaji.

"Nitaangalia," alisema Ilyasi.

"Utaangalia nini? Umeangalia siku tisa!"

Ukitaka kuelewa hasira ya mama huyu, simama mlangoni pake uinue macho. Tangi la maji liko pale juu ya kilima, hatua mia mbili kutoka nyumbani, la zege, la mviringo, limepakwa chokaa nyeupe. Ni kubwa kiasi kwamba asubuhi linatia kivuli nyumba kumi na mbili, ya Ilyasi ikiwa ya kwanza, na katika nyumba hizo zote hakukuwa na robine, yaani bomba, iliyotoa tone. Jerikani moja iliyokuwa ikiuzwa faranga mia sasa ilikuwa mia tano, na muuzaji alikutazama kana kwamba anakusaidia. Na mlinzi wa tangi hilo, mwenye ufunguo kiunoni, alikuwa Ilyasi.

Ufunguo huo ulikuwa wa geti. Wa geti tu. Maji yalipandishwa na pampu kutoka mtambo wa bondeni karibu na mto, yakaingia tangini, yakateremka majumbani kwa koki zilizofungwa na kufunguliwa na mafundi waliokuja na pikapu wakaondoka bila hata kusalimia. Kazi ya Ilyasi ilikuwa kuketi kwenye kibanda na kuzuia mbuzi. Alilipwa na kampuni ya walinzi, tena kwa kuchelewa. Lakini miaka sita nyuma Connie mwenye duka, aliyekulia Uganda na mwenye mdomo usiofungwa, alimwomba awafungulie maji upande wao. Ilyasi, kwa uvivu wa kueleza, akajibu kwamba ataangalia. Kesho yake maji yakatoka. Connie akamletea kilo mbili za sukari, naye akazipokea.

Tangu hapo hakununua sukari tena. Mayai yalikuja, sabuni ikaja, kwenye mikutano ya mtaa akawekewa kiti cha mbele, akaitwa Bwana Maji. Maji yakitoka alishukuriwa, yasipotoka aliombwa, na kila akiombwa alisema ataangalia. Hakuwahi kusema uongo hata siku moja, ndivyo alivyojiambia. Hata mkewe hakumweleza, kwa sababu mkewe naye alipenda kuitwa mke wa Bwana Maji.

Asubuhi hiyo, kabla ya kwenda zamu, Ilyasi alipitia kwa Norman kinyozi. Norman alikuwa amemnyoa bure miaka yote hiyo, na baba wa binti anayeposwa hawezi kuwapokea wakwe na kichwa kama msitu. Watu watatu walikuwa wanasubiri kwenye benchi. Norman akamruhusu apite mbele yao, akamfunga kitambaa shingoni, akawasha mashine.

Alinyoa upande wa kulia wote, vizuri sana, bila haraka. Alipofika katikati ya utosi akazima mashine, akaitundika ukutani.

"Umeme umekatika?" aliuliza Ilyasi.

"Umeme iko. Maji ndiyo haiko." Norman alimfungua kitambaa, akakikung'uta. "Mteja nikimnyoa anabaki na nywele shingoni, namwosha na nini? Siku tisa wateja wanatoka hapa wanawashwa. Sasa wewe enda huko juu, ufungue, halafu urudi nimalizie upande wa pili."

"Norman, usifanye mchezo. Nina wageni Jumapili."

"Mchezo uko kwenu huko juu, mzee wangu. Mimi niko serious."

Wale watatu wa kwenye benchi wakacheka, mmoja mpaka akajishika mbavu. Hapa ndipo mtu mwenye akili angesema ukweli: jamani, mimi sifungui kitu, mimi nalinda ukuta. Lakini Ilyasi alitazama ile mashine ukutani, akapiga hesabu ya mara alizonyolewa bure katika miaka sita, akaona kwamba ukweli huo ungemfanya aonekane mwizi.

"Nitaangalia," alisema, akavaa kofia yake, akaivuta mpaka masikioni.

Kibandani kwake alimpigia simu fundi mmoja wa maji ambaye namba yake aliipata kwa bahati. Simu iliita mara nne.

"Samahani bosi, ni Ilyasi wa tangi la juu. Nilikuwa nauliza maji itarudi lini."

"Pampu ya bondeni imekufa. Tunasubiri kifaa. Labda Jumatatu, labda siku yoyote. Wewe unauliza kama nani?"

"Kama mlinzi."

"Basi linda," alisema fundi, akakata simu.

Ilyasi alikaa mpaka jioni akilinda. Watu walipita chini ya ukuta wakimtupia maneno, na kijana mmoja aliyebeba jerikani mbili tupu akasimama kabisa kumwuliza kama Mungu anamwona.

Ijumaa asubuhi simu ya Umutoni ililia. Alikuwa Mzee Habiyaremye, mjomba wa mchumba na msemaji wao, mtu wa maneno laini. Umutoni alimpa baba yake simu kwa mikono miwili.

"Mzee mwenzangu, tumesikia habari ya maji huko kwenu," alisema Habiyaremye. "Usijisumbue rwose, hata kidogo. Tumeshapanga. Tutakuja na jerikani thelathini kwenye pikapu, pamoja na soda. Mtanawa, mtapika, mtaosha vyombo. Sisi ni familia moja sasa."

"Hapana mzee, hapana, maji itapatikana."

"Tumeshazijaza tayari," alisema Habiyaremye, na kwa sauti yake ilionekana alikuwa anafurahi.

Ilyasi aliporudisha simu, Umutoni alikuwa ameshasikia yote. Alikuwa binti wa miaka ishirini na minne, fundi wa cherehani, si mtu wa kulia ovyo. Lakini alikaa chini sakafuni na nguo yake mpya ya kazini, akalia kwa kwikwi.

"Watakuja kuposa na maji ya kunawa? Baba, hiyo watanisema nayo mpaka nizeeke. Nikichelewesha chakula wataniambia, si ajabu, hata maji kwenu tulileta sisi."

"Wakwe wanaleta ng'ombe," alisema Mukarugwiza. "Wanaleta vinywaji. Nani amewahi kusikia wanaleta maji? Kwa mlinzi wa tangi!" Alimgeukia mumewe, akabadili sauti, akawa anabembeleza. "Baba Umutoni, fungua hata saa moja tu. Mchana, wakubwa wakiwa wanakula. Tujaze vyombo, majirani wajaze, halafu ufunge. Nani atajua?"

Ilyasi alitazama mkewe, akatazama mtoto aliyekaa sakafuni.

"Sina ufunguo," alisema.

"Umepoteza?"

"Sijawahi kuwa nayo. Huu ni wa geti."

Huko barabarani muuzaji wa jerikani alikuwa anabishana bei na mtu. Mukarugwiza alimtazama mumewe kama anayetafuta bei ya kitu.

"Miaka sita," alisema hatimaye. "Na sukari ya Connie?"

"Ulikunywa chai yake na wewe."

"Nilikunywa nikijua ni haki yako ya kazi! Nilikuwa napita barabarani kichwa juu kwa kufuli ya geti?" Alisimama, akaketi, akasimama tena. "Nilimwambia Nyiraneza uso kwa uso kwamba wewe ukitaka maji inatoka. Nilimwambia hivyo!"

"Mimi sikusema."

"Wewe hukusema kitu. Ndiyo shida yenyewe." Akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Sikiliza. Mficha uchi hazai. Leo baada ya sala ya Ijumaa utawapandisha wote huko juu, waone kwa macho yao. Nami nitakuja. Wakikasirika wakasirike kwa ukweli."

Saa nane mchana watu kumi na moja walikusanyika getini, baadhi wakiwa na jerikani, maana habari ilienea kwamba Bwana Maji amelegea. Kumwingiza mtu ndani ilikuwa kosa la kufukuzwa kazi. Ilyasi alifungua geti, akawaongoza mpaka kwenye mfuniko wa chuma uliofunika chumba cha koki. Juu yake palikuwa na kufuli kubwa kama kipande cha sabuni.

"Hii ndiyo inafungua maji," alisema. "Na ufunguo wangu ni huu." Akauingiza kwenye kufuli. Haukuingia hata nusu. "Mafundi ndio wana ufunguo. Mimi sijawahi kufungua hapa, hata siku moja. Ninachoomba ni mnisamehe."

Norman aliuchukua ule ufunguo, akaujaribu, akaugeuza juu chini, akaujaribu tena. Akampa Bi Nyiraneza, mama wa miaka sitini na kitu, mnene, mwenye pumzi fupi kwa kupanda kilima. Naye akaujaribu, akaupulizia, akaujaribu.

"Hauingii," alikiri.

"Hold on," alisema Connie. "Wakati ule nilikuomba, nani alifungua?"

"Ilijifungua. Yaani, mafundi walifungua. Ilikuwa siku yenu ya mgao."

"Sasa sukari yangu ilikuwa ya nini?"

Ilyasi aliivuta kofia yake masikioni. Norman alimvua kofia mbele ya watu, taratibu, kila mtu akakiona kile kichwa nusu, na hakuna aliyejizuia kucheka. "Miaka sita nanyoa mlinzi wa mbuzi," alisema Norman, akamrudishia kofia kifuani.

Hapo Mukarugwiza akasogea mbele.

"Mume wangu iko mjinga," alisema. "Hilo nimelijua leo kama nyinyi. Lakini si mwizi. Mwizi hakuiti uje uone. Amehatarisha kazi yake awaambie ukweli mbele ya mtoto na mkubwa. Nani kati yenu aliwahi kufanya hivyo? Norman, wewe uliwahi kumwambia mtu kwamba spiriti yako umechanganya na maji?"

Norman akatazama pembeni.

"Umesema vizuri, mama," alisema Bi Nyiraneza, akimrudishia Ilyasi ufunguo. "Lakini ukweli hauoshi mchele."

Wakateremka mmoja mmoja na jerikani zao tupu. Hakuna aliyetaja Jumamosi.

Ilyasi na mkewe walirudi nyumbani pamoja. Njiani mama huyo alisimama, akamnyooshea mumewe kofia iliyokaa upande. "Tutapika wenyewe," alisema. "Mimi na Umutoni. Wageni tutawapunguza, tutasema kuna mgonjwa. Maji tutanunua kidogo kidogo." Ilyasi alimshika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya barabarani, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita akahisi hana mzigo.

Saa kumi alasiri robine ya uani ikakohoa.

Ilikohoa, ikatoa upepo mrefu, ikatema matope mekundu, kisha ikaanza kutiririsha. Mtaa mzima ukapiga kelele kwa pamoja. Ndoo zilikimbizwa, watoto walivuliwa nguo wakaogeshwa barazani, mtu fulani akawasha redio kwa sauti ya juu kabisa. Huko bondeni kifaa kilikuwa kimefika mapema, ndivyo ilivyokuwa, hakuna zaidi. Mukarugwiza aliweka beseni kubwa chini ya robine, akawa analitazama linavyojaa huku anacheka peke yake. Umutoni alitoka na kila chombo kisichovuja.

Kabla beseni halijajaa, geti la uani likafunguliwa kwa kishindo. Bi Nyiraneza aliingia akiwa na beseni lake lenye alama ya kijani. Nyuma yake alikuja Connie na wanawake wengine watatu, na Norman mashine mkononi.

"Kumbe alitaka tumwaibishe kidogo tu!" alisema Norman. "Kaa hapo nimalizie kichwa, Bwana Maji. Nilikukosea."

"Lisemwalo lipo," alisema Connie. "Mimi nilijua. Mtu hakai huko juu miaka sita bila ufunguo. Ule mwingine ulikuwa kwa soksi!"

"Wallahi si mimi," alisema Ilyasi. "Mmeona kufuli. Ni pampu, imepona."

Walicheka wote. Kadiri alivyoapa ndivyo walivyozidi kucheka, na mwanamke mmoja akamwigiza anavyojaribu ufunguo usioingia. Bi Nyiraneza peke yake hakucheka. Aliweka beseni chini, akamsogelea.

"Sikiliza, Baba Umutoni. Acha mchezo sasa, mimi nina kazi ya kupanga. Kama si wewe, basi maji hii itakatika kesho katikati ya pilau, na mimi siwezi kuita wanawake ishirini waje kukaa na vitunguu mkononi kama mwaka jana kwenye sherehe ya jirani yetu Hajjati. Kama ni wewe, sema, niende kuwaita sasa hivi. Ni wewe au si wewe?"

Ilyasi alitazama mlangoni. Umutoni alikuwa amesimama pale na ndoo mbili. Karibu na robine Mukarugwiza alikuwa ameinama, mkono mmoja kwenye ukingo wa beseni, akimwangalia mumewe kwa utulivu, kama mtu anayejua jibu na anasubiri tu lisemwe.

"Ni mimi," alisema Ilyasi.

"Na kesho?"

"Kesho itakuwapo. Na Jumapili."

Vigelegele vilipigwa mpaka nyumba ya nne. Bi Nyiraneza alikwishageuka, anatuma watu: wewe nenda kwa Hajjati ukachukue sufuria kubwa, wewe waambie wa upande wa msikiti waje na mbao za kukatia. Norman akavuta kiti. Umutoni aliweka ndoo zake chini, akapiga simu Kicukiro, akasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba zile jerikani wazimwage, kwao maji yamejaa.

Beseni la Mukarugwiza lilikuwa linafurika, maji yanamwagika miguuni pake. Alifunga robine, akaingia jikoni. Ilyasi akamfuata, nusu ya kichwa bado na nywele, akarudishia mlango.

"Mama Umutoni," alisema kwa sauti ya chini, "nimesema vile kwa ajili ya mtoto. Sikufungua kitu."

Mkewe alikuwa anatafuta kisu chake cha vitunguu kwenye kapu. Hakuinua uso.

"Nilisimama mbele yao nikakutetea," alisema.

"Najua."

"Nilisema mume wangu amesema ukweli. Saa mbili hazijapita." Alikipata kisu, akajaribu makali yake kwa kidole gumba. "Sasa nishike ipi? Ya saa nane au ya saa kumi?"

"Ya saa nane. Kufuli uliiona mwenyewe."

"Niliiona. Na maji naiona." Hapo alimtazama, na hakukuwa na hasira usoni mwake; hasira Ilyasi angejua la kuifanya. "Siku kumi, Ilyasi. Mtoto wako alikaa sakafuni akilia, na wewe ulikuwa unamtazama tu, ukiwa na ufunguo."

Hakuwa amemwita kwa jina lake tupu tangu Umutoni azaliwe. Huko uani Bi Nyiraneza alikuwa anaita mwenye nyumba aje aonyeshe pa kupanga mafiga.

"Nakuja, dada!" aliitikia Mukarugwiza kwa sauti nzuri ya sherehe, akajifunga kanga vizuri kiunoni, akatoka kwenda kukaa na wenzake.